UADILIFU KWA TUSIYEMPENDA: MSANII, DOLA NA MIZANI YA MUISLAMU

(Matini ya mhadhara uliotolewa Kidahwe, Kigoma, baada ya swala ya Alasiri)

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Aliyeishusha mizani ili watu wasimamishe uadilifu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba wake na wote waliofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Amma ba'ad.

Wazee wetu, mama zetu, na enyi vijana wa Kidahwe, Simbo, Mwandiga na Ujiji mliokusanyika hapa. 

Tumeombwa tuzungumze juu ya vijana na muziki wa kizazi kipya. Bila shaka wengi wenu mmekuja mkitaraji kusikia hukumu ya ngoma na vinanda. Hukumu hiyo mnaijua, na sisi hatukuja kuigeuza. Hadithi ya Abu Malik Al-Ash'ari aliyoipokea Imamu Bukhari, inayowataja watu watakaohalalisha ala za muziki pamoja na zinaa na pombe, ingali katika vitabu vyetu, na tunaisomesha. Lakini leo tunataka kuzungumza juu ya maradhi mengine, nayo hayamo katika studio za wasanii. Yamo katika safu zetu za swala. Ni ile furaha inayotuingia pale anapokamatwa mtu tusiyempenda.

TUKIO LA MACHI 2017

Mwezi Machi 2017 msanii wa rapu Emmanuel Elibariki, maarufu kwa jina la Nay wa Mitego, alitoa wimbo uitwao Wapo. Ulikuwa wimbo wa kukosoa, na miongoni mwa waliokosolewa walikuwamo wenye mamlaka. Siku ya Jumapili, tarehe 26 Machi, polisi wakamkamata akiwa mkoani Morogoro. Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, likaupiga marufuku wimbo huo.

Haukupita muda. Kesho yake, tarehe 27 Machi, aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, alitangaza kwamba Rais wa wakati huo, Dk. John Pombe Magufuli, ameupenda wimbo ule, na kwamba ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Ikaelezwa pia kwamba Rais ameshauri msanii auboreshe kwa kuwataja waovu wengine katika jamii, kama wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya. Basi wimbo uliokuwa jinai Jumapili ukawa halali Jumatatu, na hakuna mahakama iliyokaa baina ya siku hizo mbili.

Ndugu zangu katika imani, sisi tunawajibika kukiri jambo. Wakati ule tulikuwa bado masomoni, katika nchi ambayo elimu yetu yote tuliipata kwa Kiarabu. Habari ya kukamatwa ilitufikia kwa simu kabla ya habari ya kuachiwa. Tulikuwa wanafunzi kadhaa wa Afrika Mashariki, na tukafurahi. Mmoja wetu akasema, "Alhamdulillah, mmoja amepungua." Nasi tukacheka. Hakuna aliyeuliza amekamatwa kwa kosa gani wala nani aliyemshitaki. Tulikuwa wanafunzi wa sharia, tunahifadhi milango ya hukumu na ushahidi, na hatukuuliza swali la kwanza analolazimika kuuliza kadhi.

Siku ya pili ilipokuja habari ya kuachiwa, tulinyamaza. Tukaona kama tumenyang'anywa kitu. Hapo ndipo ilipobainika kwamba furaha yetu ya jana haikuwa kwa ajili ya Allah. Laiti ingekuwa kwa ajili Yake, tungetaka haki itendeke, vyovyote itakavyokuwa.

MAJIRANI ZANGU WAMEKAMATWA KWA LIPI?

Yazingatieni mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Abu Daud na Imamu Ahmad wamepokea hadithi kwa njia ya Bahz bin Hakim, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Inasimulia kwamba mtu mmoja alisimama Mtume (s.a.w.) akiwa anahutubia, akauliza majirani zake wamekamatwa kwa lipi. Mtume (s.a.w.) akageuza uso. Akauliza mara ya pili, akageuza uso. Kisha akaamuru majirani wale waachiwe.

Miongoni mwa wafafanuzi wapo waliosema kwamba kule kugeuza uso kulikuwa ni kumpa nafasi aliyewakamata ataje sababu. Sababu isipotajwa, hapana kizuizi. Kwa njia hiyohiyo ya Bahz imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia. Kwa hiyo hatusemi kwamba dola haina haki ya kumshika mshukiwa. Inayo. Tunasema kwamba kushikwa kuwe na sababu inayotajwa, na kuachiwa kuwe na sababu inayotajwa.

Sasa pimeni tukio la mwaka 2017 kwa mizani hiyo. Majirani wa yule bwana waliachiwa kwa kuwa hapakuwa na kosa lililotajwa. Hawakuachiwa kwa kuwa walimpendeza mkuu. Huyu msanii aliachiwa kwa kuwa wimbo wake umependwa. Kama maneno yake yalikuwa kosa, vipi mapenzi ya mtu mmoja yafute kosa hilo? Na kama hayakuwa kosa, kwa nini alilala mahabusu? Mwenye kufikiri ataona kwamba kuachiwa kule, kwa namna kulivyokuja, kulikuwa na upungufu uleule wa kukamatwa kule. Kijana anayeachiwa kwa sababu amependwa anaweza kushikwa tena siku atakapochukiwa. Na ndivyo yalivyoendelea mambo: mwaka 2024 msanii huyohuyo aliitwa tena na BASATA na kufunguliwa mashitaka kwa sababu ya wimbo Nitasema, uliozungumzia vitendo vya utekaji.

Yupo na mwenzake, Roma Mkatoliki. Tarehe 5 Aprili 2017, siku chache tu baada ya tukio la Wapo, alichukuliwa pamoja na wenzake na watu wasiojulikana kutoka studio ya Tongwe jijini Dar es Salaam. Walionekana tarehe 8 Aprili, na Roma akaeleza hadharani kwamba waliteswa. Hapo hapakuwa na hati wala kituo wala shitaka. Muislamu akisikia habari kama hii, haulizi kwanza huyu ni Mkatoliki au ni mwenzetu. Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105, wafasiri wameeleza kwamba ilishuka katika kisa cha wizi wa Madina, ambapo watu wa nyumba moja iliyojinasibisha na Uislamu walitaka kumtwika kosa lao Yahudi asiye na hatia. Wahyi ukashuka kumtakasa yule Yahudi. Ni wahyi wenye kusomwa mpaka Kiyama, umeteremshwa kumtetea mtu asiyekuwa wa safu zetu!

UMAR NA MSHAIRI MATUSI

Huenda mtu akasema: "Je, msemaji aachwe aseme atakavyo? Atukane, adhalilishe, asishikwe?" La, hasha. Uislamu haukuuacha ulimi bila mipaka. Wanahistoria na wanafasihi wa Kiarabu wamesimulia kisa cha mshairi aliyeitwa Al-Hutay'a, mtu mwenye ulimi mkali asiyesalimika naye yeyote. Katika ukhalifa wa Umar bin Al-Khattab (r.a.) alimkejeli bwana mmoja mtukufu wa Bani Tamim, Az-Zibriqan bin Badr. Maneno yenyewe kwa nje yalifanana na sifa, lakini ndani yake alimfanya kuwa mtu wa kulishwa na kuvishwa tu, asiye na hima ya kutafuta utukufu.

Zingatieni utaratibu uliofuata. Kwanza, alikuwapo mlalamikaji, naye ni mwenyewe aliyevunjiwa heshima. Pili, Umar hakuharakisha. Alisema yeye haoni kuwa hayo ni matusi. Tatu, akaita mtaalamu, naye ni Hassan bin Thabit (r.a.), mshairi wa Mtume (s.a.w.), amweleze maana ya maneno yale kwa wajuzi wa fani hiyo. Hassan akathibitisha kwamba ni kejeli, tena mbaya. Nne, ndipo Umar akamfunga. Tano, mshairi alipotunga akiwa kifungoni beti za kuwasikitikia watoto wake wadogo waliobaki bila wa kuwalisha, Umar alilia, akamwachia, akampa onyo. Na inasimuliwa kwamba alizinunua heshima za Waislamu kwake kwa dirhamu elfu tatu, ili asipate kisingizio cha kurudi kula kwa ulimi wake.

Hicho ndicho kipimo. Kuna aliyedhurika, kuna uchunguzi, kuna mjuzi aliyeulizwa, kuna hukumu, kuna huruma, na mwisho kuna kumtafutia mkosaji riziki badala ya ile aliyokatazwa. Kati ya mambo hayo, sisi Waislamu wa leo tumebakiwa na moja tu, nalo ni kufunga. Tena hatutaki hata kufunga wenyewe. Tunataka wengine wafunge, nasi tushangilie.

TUTOFAUTISHE MAKOSA

Uadilifu pia unataka tuyapambanue mambo. Shida za wasanii na sheria hazina sababu moja. Iko sababu ya ufuska. Nay wa Mitego huyohuyo mwaka 2016 alifungiwa na BASATA kwa kazi iliyohesabiwa kuwa kinyume cha maadili, ambayo jina lake hatutalitamka mahali hapa. Desemba 2018 Diamond Platnumz, ambaye asili yake vijana wa Kigoma mnaitaja kwa fahari, alifungiwa pamoja na Rayvanny kwa kuuimba jukwaani jijini Mwanza wimbo uliokwisha kupigwa marufuku kwa maneno yake machafu. Wakaomba radhi, na Januari 2019 wakafunguliwa. Katika hilo hatuna mgogoro na baraza hilo. Kulinda haya za watoto ni wajibu wa mzazi na wa dola.

Na iko sababu ya kukosoa. Kumwambia mwenye mamlaka kwamba amedhulumu si ufuska. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) ameihesabu kauli ya uadilifu mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi bora kabisa. Ibara ya 18 ya Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 nayo imetambua uhuru wa mtu kutoa maoni yake. Basi anayechanganya mambo haya mawili, akamhesabu mkosoaji na mtangaza uchi kuwa ni kitu kimoja, huyo hakuyatendea haki maadili, wala hakuitendea haki kauli ya kweli.

Nanyi vijana, msije mkatoka hapa mkisema: "Ustadhi amesema rapu ni jihadi." Hatukusema. Neno la haki halihitaji kinanda, na mwenye kuchanganya neno la haki usiku huu na neno la uchafu usiku wa kesho anajibomolea mwenyewe. Wala msidhani kwamba kukamatwa ni cheo. Wapo wanaotamani kushikwa ili jina likue. Aliyelala mahabusu kwa dhulma tunamhurumia, lakini hatumfanyi imamu.

YALIYOTUFIKIA SISI WENYEWE

Kwa nini tumelichagua jambo hili? Miaka michache iliyopita, tukifundisha mahali pengine katika mkoa huu, alikuja mama mmoja mlangoni kwetu baada ya Magharibi. Mwanawe alikuwa amesoma kwetu utotoni, akahifadhi Juzuu Amma, kisha akaacha, akawa anarapu katika sherehe na kuendesha bodaboda mchana. Mama yule alisema, "Ustadhi, mwanangu amechukuliwa tangu jana usiku. Mimi nikienda pale hawanisikilizi. Wewe una kanzu na elimu, twende pamoja, ukaulize tu amefanya nini."

Tulimjibu kwamba tuna darasa mpaka Isha. Kisha tukaongeza neno ambalo mpaka leo tunaomba maghfira kwa ajili yake. Tulimwambia kwamba hayo ndiyo matunda ya muziki.

Mama yule hakujibu. Alishukuru, kama wanavyoshukuru mama zetu hata wasipopewa kitu, akaondoka. Siku ya tatu kijana aliachiwa. Ilielezwa kwamba alifananishwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo akipita na pikipiki yake mbele ya msikiti hageuzi uso, na mama yake aliacha kuja kwenye darasa la wanawake. Tulimwendea kumwomba radhi, akasema amesamehe. Lakini kijana hakurudi. Tulikuwa na darasa la hadithi ya Mtume (s.a.w.) usiku ule, na hadithi ya majirani waliokamatwa ilikuwa imesimama mlangoni kwetu, tukaifungia.

Imamu Bukhari amepokea kisa cha mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume (s.a.w.) akakataza, na katika mapokezi mengine akakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Huyo alikuwa amethibitishiwa kosa. Itakuwaje kwa kijana ambaye hata kosa halijatajwa?

TULISAHAU MACHUNGU YETU?

Tena sisi ndio wa mwisho tunaostahiki kufurahia mtu kushikwa bila hukumu. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar, wakiwamo Sheikh Farid Hadi na Sheikh Mselem Ali, walikaa mahabusu miaka mingi huku kesi yao ikiahirishwa, mpaka Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashitaka alipoyaondoa mashitaka. Katika miaka ile tulilia misikitini, tukasoma kunuti, tukauliza: ni wapi haki ya mtuhumiwa kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike, iliyomo katika ibara ya 13 ya Katiba? Lilikuwa swali sahihi. Basi swali hilohilo ni sahihi anapoulizia mama wa mrapu. Haki inayodaiwa kwa ajili ya masheikh peke yao itakuwa upendeleo tunaouomba, na upendeleo hutolewa na kunyang'anywa. Allah (s.w.) katika Suratul Maida, aya ya 8, ametukataza chuki ya watu isitusukume kuacha uadilifu, na akatufundisha kwamba uadilifu ndio ulio karibu zaidi na ucha Mungu.

YANAYOTUPASA

Kwanza, wazee na maimamu. Mzazi akija kusema mwanawe amechukuliwa, atoke mtu mwenye heshima aende naye kituoni siku hiyohiyo, awe kijana ni wa msikitini au ni wa jukwaani, Muislamu au si Muislamu. Aulize kwa adabu: ametuhumiwa kwa kosa gani? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka muda wa saa 24 wa mshukiwa kufikishwa mahakamani au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, ikiwa hakupewa dhamana, isipokuwa kwa makosa makubwa yaliyotajwa. Na dhamana ya polisi hailipiwi fedha. Kuyajua haya ni katika kumnusuru ndugu yako.

Pili, walimu wa madrasa. Tujiulize kwa nini kijana mwenye kipaji cha maneno anakwenda studio. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite, na watoto wetu wakaushika haraka kuliko masomo yao. Aliyewapa jukwaa aliwaona wana thamani. Sisi tumewapa nini? Mtume (s.a.w.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini autetee Uislamu kwa mashairi. Suratush Shu'araa, baada ya kuwalaumu washairi wapotovu, imewavua walioamini, wakatenda mema na wakajinusuru baada ya kudhulumiwa. Basi tufundishe utenzi, khutba, uandishi na mijadala. Anayeweza kupanga vina, tumpe jambo la maana la kupangia vina, bila ala wala uchafu.

Tatu, vijana. Chungeni ndimi zenu. Mkisema juu ya mtu, mwe na uhakika, maana Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na mkisema haki, semeni kwa usafi, ili atakayewashika asipate kisingizio cha kuwashika.

Nne, sote kwa pamoja. Ikifika habari kwamba fulani amekamatwa, kabla ya kusema Alhamdulillah tuulize: kwa lipi?

Hapa Kidahwe barabara inagawanyika, moja inaelekea Kasulu na nyingine Uvinza, na vijana wengi wenye pikipiki huketi pale njia panda na muziki wao. Tukitoka hapa tutawapita. Tusiwapite kwa uso uliokunjwa. Tuwape salamu, nao wakiitika tuwaulize hali ya mama zao.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe ya ndimi zetu na ya nyoyo zetu, awaongoze vijana wetu waliotuacha na awarejeshe kwa hekima, awanusuru wenye kudhulumiwa mahabusu wawe wetu au wasiwe wetu, na atujaalie tuwe wasimamizi wa uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.